Raia wa Dunia Anabisha Hodi Wapi?

Ukipita kwenye kurasa za vijana wetu wa Mwanza mitandaoni hukosi kukuta mtu amejitambulisha hivi: mpiga picha, mpenda kahawa, raia wa dunia. Sina ugomvi na picha wala na kahawa. Hilo la tatu ndilo linalonikwama kooni, maana uraia ni kitu chenye ofisi. Kuna anayekuandika jina, anayekutoza kodi, anayekulinda, au anayeshindwa kukulinda nawe ukamjia juu. Huo wa dunia unatolewa na nani? Ukinyimwa, rufaa unaipeleka wapi?

Anayesimuliwa kuwa wa kwanza kujiita hivyo ni Diogenes wa Sinope, Mgiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, aliyekuwa akilala kwenye mtungi mkubwa huko Athens na kubishana na kila mpita njia. Watu hupenda kumnukuu na kusahau kwamba alikuwa ametimuliwa kwao, inasemekana kwa kesi ya kuchezea sarafu. Alikuwa mtu asiye na mji anayeulizwa mji wake. Wanaojiita hivyo leo wengi wao pasipoti iko mfukoni na viza imeshagongwa. Mwanasosholojia Craig Calhoun aliandika mwaka 2002 kwamba uraia wa dunia kwa sura yake ya sasa umekuwa fikra ya tabaka la wasafiri wa mara kwa mara, watu wanaoijua dunia kupitia viwanja vya ndege na kumbi za mikutano. Mama anayepeleka dagaa ng'ambo ya Rusumo, mpakani na Rwanda, kila mwezi amevuka mipaka mingi kuliko wao, na hakuna aliyewahi kumwita raia wa dunia. Huitwa mfanyabiashara mdogo, na siku ikiwa mbaya, mhamiaji haramu.

Sasa, hoja zinazotolewa dhidi ya wazo hili si za aina moja, na hapo ndipo mijadala mingi inapopotea njia. Zipo hoja za moyo na zipo hoja za ofisi. Za moyo zinasema binadamu hana uwezo wa kuipenda dunia nzima, na anayejaribu huishia kutompenda yeyote. Za ofisi zinasema hata akiweza, upendo huo hauna dirisha la kupokelea malalamiko. Za kwanza naziona nyepesi. Za pili sijaona aliyezijibu akaniridhisha.

Hoja ya moyo ina ukoo wa heshima. Mwanafalsafa Rousseau, mwaka 1762, aliwatahadharisha wasomaji wake na watu wanaotafuta vitabuni wajibu wa mbali huku wakiudharau wa karibu. Mwanafalsafa wa namna hiyo, alisema, huwapenda Watartari, watu wa mbali huko Asia, ili asilazimike kuwapenda majirani zake. Nacheka kila nikiisoma, maana sote tunamfahamu mtu wa hivyo: anachangia waathirika wa mafuriko katika nchi asiyoweza kuionyesha kwenye ramani, na dada wa kazi hajalipwa tangu Pasaka. Mwanafalsafa Alasdair MacIntyre alichimba zaidi mwaka 1984. Kwake yeye, maadili hatuyaokoti hewani. Tunafundishwa na watu fulani katika jamii fulani, na ukimtaka mtu awe mwadilifu bila kuegemea jamii yoyote umemnyang'anya sababu zenyewe za kuwa mwema.

Ukiileta hoja hiyo Ukerewe inapata taabu. Kisiwa kile kiko karibu na Entebbe na Kisumu kuliko Dar es Salaam, sembuse Mtwara. Mstari unaomfanya Mganda wa ng'ambo ya maji awe mgeni na Mmakonde awe mwenzetu ulikubaliwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, kwenye nyuzi 1 kusini mwa ikweta, ukakatiza katikati ya Ziwa Victoria ambako sangara hupita bila kuonyesha hati. Kama wajibu ungepimwa kwa mapenzi yanayoota yenyewe kwa walio karibu, Tanzania isingekuwepo. Ilibidi itengenezwe: kwa Kiswahili, kwa shule zilizomtoa mtoto Sengerema zikampeleka Songea, kwa Jeshi la Kujenga Taifa, kwa walimu waliopangiwa vituo mikoa ambayo hawakuwahi kuiota. Mtu aliyefundishika kumwona Mmakonde kuwa mwenzake anafundishika na zaidi ya hapo. Wanaodai kwamba moyo una kikomo, na kikomo chenyewe kikaangukia palepale penye kituo cha uhamiaji, wanazungumza kana kwamba mpaka ule aliuchora Mungu.

Novemba 6, 2022 ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam iliangukia ziwani ikikaribia kutua Bukoba, ikiwa na watu 43. Wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Waliokoka 24, wakafa 19. Wanaosoma falsafa wataukumbuka mfano wa Peter Singer wa mwaka 1972: ukimkuta mtoto anazama bwawani utaingia kumtoa hata kama viatu vitaharibika, na kama ni hivyo, umbali peke yake hauwezi kukufutia wajibu kwa anayekufa njaa katika nchi nyingine. Wavuvi wa Bukoba wanampa Singer nusu ya ushahidi. Moyo ulikuwepo, tena kwa watu wasiojuana. Kilicholalamikiwa baadaye ni maandalizi ya uokoaji, mambo yanayonunuliwa kwa bajeti, na bajeti ina mtu wa kuulizwa. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilipozama karibu kabisa na Mwanza hali ilikuwa hiyohiyo. Hadi leo idadi ya waliokufa inatajwa kwa makadirio, kwa kuwa orodha kamili ya abiria wa daraja la tatu haikuwepo. Jiji zima lililia. Machozi hayakukosekana, orodha ndiyo iliyokosekana.

Halafu kuna undugu, ambao ndio njia yetu sisi ya kulisema jambo hili. Wazo la uraia wa dunia halikutufikia na intaneti. Ahadi ya kwanza ya mwana-TANU ilikuwa: Binadamu wote ni ndugu zangu, na Afrika ni moja. Wazee wetu waliitamka kwa sauti, wengine wakiwa hawajafika hata Tabora. Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya mwaka 1962 kuhusu Ujamaa, alitaka familia tunayoijua itanuliwe ivuke kabila, taifa na hata bara, mpaka iwakumbatie binadamu wote. Karne ya 2 Mstoa, yaani mfuasi wa shule moja ya falsafa ya Kigiriki, aitwaye Hierocles alikwishaichora picha kama hiyo: miduara, wewe katikati, kisha wa nyumbani, ukoo, mji, na wa mwisho watu wote, kazi ya mwenye busara ni kuivuta ya nje ije ndani. Mwanafalsafa Martha Nussbaum alipouwasha upya mjadala huu mwaka 1994 aliirejea miduara hiyo. Mwanafalsafa mwenzake Michael Walzer akamjibu kwa ufupi ambao naupenda: yeye si raia wa dunia, hajui kama kuna dunia ambayo mtu anaweza kuwa raia wake, na hakuna aliyewahi kumpa uraia huo wala kumweleza taratibu za kuuomba. Nussbaum mwenyewe alipoandika kitabu kizima juu ya mapokeo haya, mwaka 2019, alikiri yana ufa: Wastoa walijali sana hadhi ya binadamu na wakapuuza tumbo lake.

Lakini Walzer hakuligusa linalonisumbua mimi. Undugu ni mzuri msibani. Kwenye hesabu ni balaa. Ndugu humwandikishi mkataba, ndugu humdai risiti, na ukimdai unaambiwa una roho mbaya. Familia ina baba, na baba hapigiwi kura. Kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya Watanzania walihamishiwa vijijini, na pengine nyumba za waliokawia kuhama zilichomwa moto. Waliozichoma waliitana ndugu na waliochomewa, na kwa kuwa ni ndugu, hapakuwa na dirisha la kupeleka madai ya bati na milango. Nampenda Mwalimu, na sidhani kama undugu wake ulikuwa wa kuigiza. Nasema tu kwamba siasa inayosimama juu ya undugu humwacha mnyonge bila neno la kusema pale ndugu mkubwa anapokosea, na ukiutanua undugu huo ufike kwa binadamu wote, ndugu mkubwa anakuwa mbali zaidi na mnyonge anabaki palepale.

Aliyelielewa hili kwa mwili wake ni Hannah Arendt. Alikuwa Myahudi wa Ujerumani, alikimbia mwaka 1933, akaishi miaka mingi bila uraia wa nchi yoyote hadi Marekani ilipompa wake mwaka 1951. Mwaka huohuo alichapisha kitabu chake juu ya chimbuko la tawala za kiimla, na humo akaeleza jambo linalotisha. Haki za binadamu zilitangazwa kuwa ni za kila mtu kwa sababu tu ni mtu. Lakini watu walipofika mahali ambapo hawakuwa na kingine chochote zaidi ya utu wao, bila nchi wala karatasi, hakuna aliyeziheshimu. Kabla ya haki nyingine zote, alisema, unahitaji haki ya kuwa na haki, nayo hutolewa na jumuiya ya kisiasa inayokuhesabu kuwa wake.

Huku kwetu hatuhitaji kwenda Ulaya kumwelewa. Mwaka 2013 serikali iliendesha Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Geita na Kigoma kuwaondoa wahamiaji haramu. Waliokamatwa ni pamoja na watu waliokuwa wameishi hapa miongo kadhaa, waliooa na kuolewa hapa, wenye migomba na makaburi ya wazazi wao hapa. Mashirika ya haki za binadamu yaliripoti familia zilizotenganishwa, mke huku na mume kule. Mwaka uliofuata, nchi hiyohiyo ikatoa uraia kwa Warundi zaidi ya 160,000 waliokimbilia kwetu mwaka 1972 pamoja na watoto wao, jambo ambalo nchi chache tajiri zingethubutu kulifanya. Yatazame hayo mawili kwa pamoja. Ukatili ulitoka dolani, na ukarimu ukatoka dola ileile. Ubinadamu kwa jumla haukumfukuza mtu, na haukumpa mtu hata kipande cha karatasi. Anayetaka kuwatetea wale waliofukuzwa Karagwe, mkoani Kagera, asiende na hotuba ya upendo. Aende na jina la hakimu, tarehe ya kusikilizwa, na sheria inayosema mtu aliyekaa miaka 30 haondolewi kwa taarifa ya wiki mbili.

Hapa wapinzani wa uraia wa dunia watanipigia makofi, nami sitaki makofi yao yote. Mwanafalsafa Thomas Nagel aliandika mwaka 2005 kwamba haki ya kijamii inadaiwa tu kati ya watu walio chini ya dola moja, inayowalazimisha na kutenda kwa jina lao. Kwa wengine tunabaki na wajibu mwepesi zaidi wa kibinadamu, kama kutowaacha wafe njaa. Haya, tuje Mwanza ya miaka ya 1990. Sangara wanavuliwa usiku na mchana, viwanda vinakata minofu, ndege zinaipeleka Ulaya, na sisi wenye ziwa tunakaanga mapanki, yaani mifupa na vichwa vilivyobaki. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wa Ziwa Victoria baada ya taarifa za watu kuvua kwa sumu. Kumzuia mtu asilishwe sumu ni haki, hilo silibishii. Lakini uamuzi ule ulifika mpaka kwenye mfuko wa kijana anayekatia minofu Igogo, na wa mwenye mtumbwi kisiwani Kome ambaye hajawahi kuishika sumu. Waliouamua hawakumlazimisha kwa polisi. Walimlazimisha kwa soko, na soko halikumwacha na uchaguzi mkubwa kuliko ambao polisi angemwachia. Nagel anataka tuamini kwamba kwa kuwa Brussels, yaliko makao ya Umoja wa Ulaya, si serikali yetu, Brussels haina la kutujibu. Mimi naona kinyume: anayekutawala bila kuwa mtawala wako ndiye hasa anayepaswa kuwekewa dirisha, maana huyo huwezi hata kumnyima kura.

Kwa hiyo mpaka wa taifa hautoshi, na mahubiri ya dunia moja nayo hayatoshi. Tena mahubiri yana hatari yake. Mwaka 1932 Carl Schmitt, mwanasheria wa Kijerumani, aliandika, akiazima kwa Mfaransa Proudhon, kwamba anayetaja ubinadamu anataka kudanganya. Mwaka uliofuata Schmitt alijiunga na chama cha Hitler, na ningependa sana kumtupa mtu huyu na kila alichokigusa. Nashindwa kwa sababu ya maji. Mwaka 1929 Uingereza, ikisema kwa niaba ya makoloni yake, iliafikiana na Misri kwamba kazi yoyote kwenye Nile na maziwa yake itakayopunguza maji ya Misri isifanywe bila Misri kukubali. Tanganyika ilipopata uhuru ilitangaza, mwaka 1962, kwamba mkataba ule hauifungi. Lakini kila mara kulipotajwa kuyachota maji, yalisikika maneno matamu ya mto mmoja, urithi wa pamoja, masilahi ya wote. Wakati huo Shinyanga na Kahama ziko safari ya saa chache tu kutoka ziwani, na mama anaamka alfajiri kufukua mchanga wa mto uliokauka apate ndoo moja. Maji yalipochukuliwa Ihelele, wilayani Misungwi, yakavutwa mpaka Kahama na Shinyanga kwa mradi uliozinduliwa mwaka 2009, hiyo ilikuwa kazi ya nchi moja iliyokataa kusubiri ruhusa iliyodaiwa kwa jina la wote. Baadaye nchi za juu ya mto zikatafuta njia ya halali zaidi, makubaliano yaliyofunguliwa kusainiwa Entebbe mwaka 2010 na kuanza kutumika Oktoba 2024, Misri na Sudan zikiwa nje. Ni polepole, inachosha, imejaa vifungu. Ndivyo ilivyo siasa ya kweli kati ya wageni, na mimi naithamini kuliko hotuba mia za mto mmoja.

Njoo soko la samaki la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, asubuhi uone namna wageni wanavyoishi bila hotuba. Kayabo, sangara waliopasuliwa wakatiwa chumvi na kuanikwa, wamefungwa mitumba ya kwenda Kongo, chumvi inameremeta mikononi mwa wabeba mizigo. Mama wa Bukavu ameinama juu ya gunia la dagaa.

"Papa, kwa bei hiyo unaniua."

"Mama, hawa wameanikwa kwenye chanja. Tia mkono mpaka chini uone kama kuna mchanga."

Anatia mkono mpaka kwenye kiwiko, anatoa kiganja, anatafuna wawili. Bei inashuka kidogo. Nusu analipa, nusu inakwenda mali kauli: jina kwenye daftari, namba ya simu, na neno lake. Mwanafalsafa Kwame Anthony Appiah, aliyekulia Kumasi nchini Ghana, na ambaye baba yake aliwaachia watoto wasia kwamba wakumbuke wao ni raia wa dunia, husema hatuhitaji kukubaliana juu ya misingi mikuu ili tuishi pamoja, tunahitaji kuzoeana. Mwaloni unamuunga mkono kwa kila gunia linaloondoka. Yule mama na yule muuzaji hawana dola moja, wala dini moja, hata Kiswahili chao kinatofautiana, na mzigo unakwenda.

Mpaka siku simu inapokuwa haipatikani. Deni likishavuka mpaka, daftari lile linabaki karatasi. Mahakama ya mwanzo ya hapa haina mkono wa kufika Bukavu. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mahakama ya jumuiya iko Arusha, ila haikuundwa kushughulikia magunia 20 ya dagaa. Pengo hilo ndilo ningependa wapenzi wa uraia wa dunia walikodolee macho, badala ya kututungia mashairi ya sayari. Mwanafalsafa Mjerumani Kant, ambaye wengi humtaja kama baba yao, hakutaka serikali moja ya dunia. Mwaka 1795 aliogopa kwamba ingeishia kuwa udikteta usio na roho. Aliomba vitu vidogo zaidi: muungano wa nchi huru, na mgeni akifika asitendewe kama adui. Ningeongeza cha tatu, kwamba mgeni na mwenyeji wote wawe na mahali pa kushitaki nje ya mikono ya serikali zao wenyewe.

Mahali hapo tulikuwa napo. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao Arusha, na kwa miaka kadhaa Mtanzania wa kawaida aliyemaliza ngazi zote za hapa nchini aliweza kuipelekea kesi yake mwenyewe, hata wafungwa walifanya hivyo. Novemba 2019 serikali yetu iliondoa tamko lililoruhusu hilo, na mwaka mmoja baadaye dirisha likafungwa kwa kesi mpya za watu binafsi na mashirika. Jengo limebaki Arusha, majaji wamebaki, bendera zinapepea. Sikumbuki kuona kijana yeyote mwenye "raia wa dunia" kwenye ukurasa wake akiandika hata sentensi moja kuhusu tamko lile. Waanzie hapo: wamwandikie mbunge wao wa Nyamagana au Ilemela, ambaye angalau ana ofisi na mlango, wamuulize litarudishwa lini.